Ahirisho la Tatu

Fundi Spana hakuwa na mke, hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto, hakuwa na bima ya matibabu, wala hakuwa na kiti nyumbani ambacho miguu yake yote minne iligusa sakafu kwa pamoja. Hakuwa na mtu wa kumwambia asubuhi kwamba shati amelivaa nje ndani. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na watoto walikwishahamia kwao. Usingizi wa kuunganisha hakuwa nao, kwa maana aliamka kila mara kwenda haja ndogo na kunywa maji, na akishakunywa maji aliamka tena. Kubwa kuliko yote, hakuwa na maneno. Utani alikuwa nao wa kugawa mtaa mzima. Alichokosa ni yale maneno machache ambayo kwayo mtu mzima anaweza kumweleza mwenzake kwamba ngozi ya mbele ya uume wake imekaza, inawasha na kupasuka, na kwamba akikojoa, mkojo huijaza kwanza ikavimba kama puto ndipo utoke kwa kurukaruka.

Katika ukoo wao wanaume hawakutahiriwa. Halikuwa jambo la kujivunia wala la kuficha. Watu waliishi tu. Kwa miaka hamsini na kitu ngozi ile haikumsumbua, naye hakuifikiria zaidi ya anavyofikiria kisigino chake. Kisha mwaka uliopita ikaanza kuwasha. Ikawa nyekundu, ikatoa uteute wenye harufu, ikapasuka vimistari vyembamba kama mtu aliyejikata na ukingo wa karatasi. Vilipopona viliacha kovu jeupe, na kila kovu lilivuta ngozi ikazidi kubana, mpaka ikawa haiteremki tena bila maumivu.

Yeye alikuwa fundi bomba, na fundi bomba haiti mtu kwa jambo la bomba. Alianza na maji ya chumvi. Yaliposhindwa akatumia ile sabuni kali ya kusafishia vyoo vya ofisini, kidogo tu, kwenye maji ya vuguvugu. Siku mbili alitembea kama aliyepanda baiskeli isiyo na tandiko.

"Mgongo," aliwaambia waliouliza.

Sasa kulikuwa na mshona mapazia, mjane wa mji wa jirani, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyopepesa haraka. Dada yake mkubwa Spana ndiye aliyewakutanisha. Spana alipomposa wakakubaliana, kila mtu aliona wamefaana, kwa sababu yule mama alicheka kwa nadra, lakini kwa Spana alicheka. Tarehe ya harusi ikapangwa. Ilipokaribia, Spana akasema paa linavuja, waahirishe. Ikapangwa nyingine. Akasema kazi ya mabomba ya hoteli imemzidi, waahirishe tena.

Tangu hapo hakukaa. Alianza kazi moja akaiacha katikati akaenda kuanza nyingine. Alifungua koki nyumbani kwake zilizokuwa nzima, akazifunga, akazifungua. Jioni alizunguka mtaa kwa mguu bila safari, akirudi aligundua amepita duka la mkate mara tatu na mkate hajanunua. Akiketi, palimwasha. Akisimama, alikumbuka mshona mapazia. Ndoa alikuwa anaitaka. Ile siku ya kufunga mlango wawe wawili chumbani ndiyo aliyokuwa akiikimbia.

Jumapili moja mshona mapazia akatokea mlangoni bila taarifa, na dada mtu nyuma yake.

"Ungeniambia, bibie, nikupikie japo maji," Spana alisema.

"Ningekuambia, ungepata bomba lililopasuka mahali."

"Mabomba yanapasuka yenyewe, mimi nafuata."

"Ehe, anza," dada mtu alisema akikalia kile kiti kibovu, kikamyumbisha. "Mimi huko nje naulizwa harusi iko wapi kana kwamba nimeikalia."

"Dada, hapo ulipo umekalia kiti tu, tena kwa shida."

Mshona mapazia akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Aliweka mkoba wake mezani.

"Unaona unavyofanya? Unanichekesha, napanda basi, nafika kwangu nagundua sijajibiwa kitu. Mwezi unapita hivyo, na mwingine. Fundi, unanitaka au hunitaka?"

"Nakutaka."

"Basi unakimbia nini?"

Spana alifungua mdomo. Maneno machache yale hayakuwapo. Dada yake alikuwa amekaa pale pale, na hata asingekuwapo, yasingekuja.

"Miguu hii ndiyo ya kukimbia?" alisema. "Angalia hali yake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mshona mapazia alieleza polepole, kama anayempimia mteja dirisha. Kuna hoteli ya mbali, safari ya siku nzima kwa basi, wanataka mtu wa kuwashonea mapazia na vitambaa vyote. Wanampa na chumba cha kulala. Wanasubiri jibu mwisho wa mwezi.

"Sitaki unipigie simu," alisema. "Kwenye simu wewe ni mchekeshaji. Kaa chini, uniandikie. Kama unanitaka, niambie unakimbia nini. Ikiwa ni uongo nitaujua. Nisipopata barua, nawajibu wale kwamba nakwenda. Na ukiniletea ahirisho la tatu lenye paa linalovuja, usijisumbue kununua stempu."

Akaondoka. Dada mtu akabaki kidogo kwenye kizingiti.

"Una mwanamke mwingine?"

"Dada, jino tu sina. Mwanamke nimtoe wapi?"

Usiku ule aliamua kumaliza jambo hili mwenyewe. Kesho yake akatumia ufundi wake.

Katika kazi ya mabomba, pete ya mpira iliyokauka ikasinyaa haitupwi mara moja. Fundi anayejua kazi huipaka mafuta, huilainisha kwa vidole, kisha huivalisha kwenye bomba nene kuliko lake na kuiacha hapo wakati yeye anaendelea na mengine. Akirudi, mpira umetanuka na umekubali. Spana aliwafundisha mafundi wengi mbinu hiyo. Asubuhi ile, baada ya kuoga kwa maji ya moto, alijipaka mafuta ya mgando, akauma taulo, akaivuta ile ngozi nyuma kidogo kidogo mpaka ikapita kichwa cha uume. Ilipita. Alikaa ukingoni mwa kitanda akihema, machozi yakimtoka, akijisifu. Kisha, badala ya kuirudisha mbele, akaiacha pale nyuma itanuke. Akavaa suruali pana akaenda kazini.

Kazi ilikuwa jikoni mwa hospitali ndogo ya wamisionari, sinki mbili zilizoziba. Hata kabla hajafungua mfereji wa chini alihisi kitu kikimkaba. Aliendelea. Alilala chali chini ya sinki na spana mkononi, na kila mpigo wa moyo aliusikia kule. Alipokwenda chooni kutazama, alikuta kichwa kimevimba na kugeuka rangi, na nyuma yake ile ngozi imekuwa pete nene iliyojaa maji. Alijaribu kuirudisha. Haikusogea hata kidogo.

Alirudi chini ya sinki kwa sababu hakujua pa kwenda. Mpishi mkuu, mtu mnene aliyekuwa akimenya vitunguu, alimsikia akiguna.

"Fundi, sinki inakushinda?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Vitunguu vyako."

"Vitunguu viko huku, wewe uko chini ya sinki." Mpishi aliinama akamtazama usoni, akaacha mzaha. "Ndugu yangu, una ugonjwa gani?"

Spana alitazama juu, kwenye bomba la chuma lililokuwa likidondosha tone moja moja. "Pete imekwama," alisema, "na si ya sinki."

Mpishi alielewa nusu, na nusu ile ilimtosha. Alimshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma, akavuka naye uwanja mpaka chumba cha wagonjwa wa nje, akamwambia mwuguzi kwamba huyu haketi kwenye foleni.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yake wa kwanza.

"Hakuna daktari mwanamume?" Spana aliuliza.

"Yuko likizo, mzee. Ukimngoja, utangojea wiki, na hiyo haiwezi kungoja mpaka mchana. Karibu, lala hapa."

Alilala. Akatazama dari. Daktari alivaa glavu, akaangalia, hakusema "ah" wala "lo".

"Govi limevutwa nyuma likakwama," alisema. "Usishtuke, ndilo jina lake, huku si tusi. Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na kwa nini hukulirudisha mbele?"

Spana akamweleza habari ya pete ya mpira. Aliieleza vizuri, kama kwa mwanafunzi, mpaka kwenye bomba nene. Daktari alisikiliza huku akimpaka dawa ya ganzi iliyo kama jeli. Mwuguzi aligeukia kabati akakaa huko muda mrefu akitafuta kitu.

"Mpira hauna damu, mzee," daktari alisema. "Huu mkaba unaruhusu damu kuingia na kuizuia kutoka. Kinachobaki mbele kinavimba, na kadiri kinavyovimba ndivyo mkaba unavyokaza. Kikiachwa, nyama inaweza kufa. Sasa nitabana, nitabana kwa muda, itauma lakini itapungua. Zungumza nami."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Unaonekana mtu wa maneno."

Hapo ndipo maneno yalipomkauka kabisa. Daktari aliukamata uvimbe kwa kiganja kizima na kitambaa chenye baridi, akaubana taratibu bila kuachia, kama mtu anayekamua sponji, mpaka maji ya uvimbe yakarudi. Kisha kwa vidole gumba akasukuma kichwa ndani huku akivuta ngozi mbele. Spana alisikia kitu kikiteleza. Maumivu yakakatika ghafla hata akaona dari imeshuka karibu.

"Imerudi," daktari alisema. "Sheria ya kwanza, na uwaambie na mafundi wenzako: ngozi hiyo ikivutwa nyuma kwa kuosha, inarudishwa mbele palepale. Na isiyotaka kurudi nyuma hailazimishwi."

Spana alitaka kuvaa suruali aende. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja. Daktari akaomba kidole chake.

"Kidole cha nini? Mimi nimekuja kwa habari ya huku, wewe unanitoboa kule?"

"Unaamka usiku kukojoa?"

"Watu wazima wote wanaamka."

"Na kiu?"

Tone la damu likaingia kwenye kile kimashine. Sukari ilikuwa zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa.

Daktari akaketi, akamweleza kwa mpangilio ambao Spana aliuheshimu, kwa sababu ulifuata maji kutoka chanzo mpaka mwisho. Sukari ikizidi mwilini inatoka kwenye mkojo. Mkojo wenye sukari ukibaki chini ya ngozi, fangasi wanashiba. Ngozi inavimba na kuwasha, inapasuka, inapona kwa kovu, na kovu halitanuki. Wanaume wengi wa umri wake hugundua sukari yao kwa njia hii hii, kwa ngozi iliyobana, kabla hata ya jambo lingine kuwaonya. Na sabuni ya vyoo ilimaliza kazi.

"Si kila govi linalobana linakatwa," alisema. "Kwa kijana mwenye ngozi laini, mara nyingi krimu ya kupaka kwa wiki kadhaa inatosha. Wewe una kovu gumu pande zote na mabaka meupe. Hiyo krimu haitaifungua. Tutashusha sukari kwanza, tutatibu fangasi, halafu nakushauri utahiriwe. Ni sindano ya ganzi, unaongea tukifanya, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ile ngozi tutaipeleka maabara, kwa kuwa nyeupe na ngumu namna hiyo tunapenda kuhakikisha haina mwanzo wa saratani. Sioni dalili. Lakini tunapima."

Neno saratani lilipita chumbani. Spana alilitazama likipita.

"Na nisipokubali?"

"Itaendelea kubana. Siku moja mkojo utagoma kabisa. Na hiki cha leo kitarudi."

Akavaa suruali. Akafika mlangoni, akarudi.

"Daktari, baada ya kukatwa, mtu anayetaka kuoa..."

"Wiki sita," daktari alisema bila kuinua macho kwenye maandishi yake. "Hata kama unajisikia umepona. Na ngoja sukari ishuke kwanza kabla ya kukata. Kwa hiyo, hesabu miezi miwili na zaidi. Harusi ni lini?"

"Ndiyo hiyo," Spana alisema. "Sijui."

Alitembea mpaka nyumbani na mfuko wa dawa, akapita nyumba yake, akageuka. Ugonjwa sasa ulikuwa na jina na tiba. Lakini tiba yenyewe ilidai ahirisho la tatu, na ahirisho la tatu lilikuwa limekatazwa. Paa halikuwa linavuja. Kazi haikumzidi. Palibaki ukweli tu, mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ijayo, na barua hukaa siku kadhaa njiani.

Alikwenda kwa dada yake, hakujua kwa nini. Alimkuta uani na beseni, akimwogesha mjukuu wake wa kiume asiyefika miaka miwili, na mtoto akipiga kelele za kukata masikio. Dada alikuwa anamvuta ngozi ile kwa kidole na sabuni.

"Dada, acha."

"Niache nini? Mama yake hajui kumsafisha. Halifunguki hili, lazima lizoeshwe."

"Acha nakwambia." Akainama akamtoa mtoto kwenye beseni, maji yakamlowesha shati mpaka suruali. "Kwa mtoto huwa imegandana na kichwa, ndivyo alivyoumbwa. Itaachana yenyewe akikua, mwaka wake ukifika. Unaosha nje, basi. Ukilazimisha inachanika, inapona kwa kovu, halafu inabana kweli."

"Umesomea wapi hayo? Kwenye mabomba?"

"Ukutani kwenye chumba cha daktari kuna picha. Nilikuwa nimelala, nilikuwa na muda wa kusoma."

Dada akaacha kusugua mikono. Akamtazama ndugu yake kuanzia kichwani, akashuka, macho yakasimama pale suruali ilipolowa.

"Kumbe," alisema. "Paa ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Na yale mabomba ya hoteli?"

"Na mabomba."

Dada akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu, akapiga chafya. Kisha macho yakamjaa maji, haikujulikana ni ya sabuni au ya nini. "Mwanamke wa watu anakonda kwa mawazo akidhani hana uso wa kutazamwa, na wewe uko na kigovi. Mwambie."

"Nitamwambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi sasa hivi."

"Sijakuambia kitu. Umeangalia."

"Basi mwandikie ili aangalie."

Siku tatu alizungukia meza. Aliandika kwamba ana jambo dogo la kiafya; akaona ni paa lile lile kwa rangi nyingine, akachana. Aliandika ukurasa mzima wa mizaha kuhusu pete ya mpira na vitunguu, akausoma, akacheka mwenyewe, kisha akamwona mshona mapazia akipanda basi bila jibu. Akachana. Alisimama akaenda kukaza koki iliyokuwa imekaza. Aliandika akimwomba msamaha kwa maneno makubwa ya kwenye barua za ofisi, akaona ni mtu mwingine anayeomba. Akachana. Kati ya barua na barua alimeza vidonge vya sukari, alipaka dawa, na kuwasha kulianza kutulia, jambo lililomtia wasiwasi mpya: asije akapona kidogo akajidanganya kwamba hana cha kuandika.

Siku ya nne asubuhi alitia kipande cha karatasi chini ya mguu wa kiti, kikasimama. Akaketi. Akaandika polepole, kwa herufi zilizonyooka:

"Bibie, nakutaka. Ninachokimbia ni hiki. Ngozi ya mbele ya uume wangu imeugua mwaka mzima. Imebana kwa makovu, na niliona haya uione. Nimekwenda kwa daktari kwa sababu niliivuta kwa nguvu ikakwama. Amenikuta na ugonjwa wa sukari, ambao ndio chanzo. Natakiwa nishushe sukari, kisha nitahiriwe, kisha nikae wiki sita. Ngozi itapimwa kama ina saratani. Daktari hadhani, lakini majibu sina. Nitakula chakula tofauti na watu maisha yangu yote, na huenda yakaja magonjwa mengine ya sukari. Kwa hiyo naomba kuahirisha mara ya tatu. Sitakulaumu ukienda hotelini. Usipokwenda, njoo siku ya kukatwa, maana naogopa. Sikuweka utani humu. Ilikuwa kazi."

Hakuisoma tena. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi, na kwa kuwa gundi hakuiamini, akazungushia juu yake ule utepe mweupe wa kuzibia mabomba. Akatoka nayo mkononi, si mfukoni, ili asipate nafasi ya kugeuza safari.

Posta, karani wa dirishani aliigeuza bahasha pande zote mbili.

"Mzee, hii umeogopa itavuja?"

"Ilishavuja," Spana alisema. "Ipeleke ya haraka."

Karani akabandika stempu, akanyoosha mkono. Spana alikuwa bado ameishika ncha moja.

"Unaiachia au niiandike 'ingoje'?"

Akaiachia. Muhuri ukagongwa mara mbili, bahasha ikatupwa kwenye mfuko wa safari ya mchana, na mtu akaufunga mfuko kwa kamba.